Mwanafunzi wangu hasemi, lakini nadhani alijibu kitendawili

*Safu ya Mwalimu Mstaafu*

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Pili katika shule ya msingi ya serikali, mkoa wa Morogoro, na huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Darasani nina watoto 87. Mmoja wao ndiye aliyeniweka macho usiku huu nikuandikie, maana nina jambo linanikereketa na kwa walimu wenzangu naona aibu kulisema.

Ni mtoto wa kiume wa miaka tisa, ana mtindio wa ubongo. Hatembei. Mikono yake haitulii. Akitaka kushika kitu mkono unakwenda kwingine, na akisisimka mwili mzima unajinyonga. Hasemi, ila hutoa sauti ambazo mama yake pekee ndiye anayezielewa. Udenda humtoka, kwa hiyo mama humfunga kitambaa shingoni na kumwekea kingine mfukoni. Kila asubuhi humleta kwa baiskeli, amemfunga kwenye keria kwa kanga mbili, na ndiyo maana watoto wamempa jina la Bosi: hata siku moja hajaja shule kwa miguu. Mama anasema alipata manjano siku chache baada ya kuzaliwa, akawa wa njano mpaka kwenye nyayo. Mto ulikuwa umejaa, wakachelewa kufika hospitali.

Nilimpokea kwa moyo mmoja, Mwalimu, lakini ukweli ni kwamba sikujua nimfanye nini. Nikamweka nyuma kwenye mkeka, karibu na dirisha, ameegemezwa kwenye gunia la maharage lisilojaa, eti apate hewa. Nampa karatasi na kalamu za rangi ambazo hawezi kuzishika. Nikiita majina namwita, naandika yupo, basi. Kwenye daftari la mahudhurio hakuna anayemfikia. Hata siku za mvua yupo.

Mama yake hukaa nje chini ya mwarobaini tangu tunapoingia hadi kengele ya kutoka, na sinia lake la karanga, kwa sababu mtoto akitaka choo hakuna mwingine wa kumpeleka.

Sasa sikia. Wiki mbili zilizopita, kipindi cha mwisho, watoto wamechoka, nikasema tutege vitendawili. Popoo mbili zavuka mto. Mmoja akasema ngalawa, mwingine akasema mamba na mtoto wake. Kule nyuma Bosi akaanza kelele, anajinyonga, uso kaukaza, anafumba macho na kufumbua, anafumba na kufumbua. Nikamwambia, "Bosi, tulia, wenzako wanafikiri." Wakashindwa, wakanipa mji, nikaenda zangu Dodoma, nikarudi nikawapa jibu: macho. Bosi akacheka mpaka akajigonga kichwa dirishani.

Usiku huo nachambua mchele ndipo iliponijia. Mikono iliniisha nguvu. Yule mtoto alikuwa ananijibu, nami nikamnyamazisha.

Wakati huohuo Mwalimu Mkuu ameniita. Anataka ahamishiwe kitengo cha mjini, kilomita 19 kutoka hapa, na kitengo chenyewe ni cha watoto wenye ulemavu wa akili. Anasema mtoto huyu ananishushia wastani wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Na kwenye kikao cha wazazi baba mmoja alisimama akasema mwanawe anapotezewa muda kwa ajili ya zezeta. Watu waliguna tu. Hakuna aliyemjibu, mimi nikiwemo. Mama yake Bosi alikuwepo, ameketi benchi la mwisho.

Sijasomea elimu maalumu. Nimwachie aende, pengine huko atapata wanaojua? Nikimng'ang'ania nitakuwa namsaidia au naisaidia dhamiri yangu? Na kama anabaki, Jumatatu saa mbili asubuhi nafanya nini, na wale wengine 86 wananitazama?

Ni mimi, Mwalimu wa Darasa la Pili, Morogoro

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Nianze na popoo, maana ndipo penye kila kitu.

Mtoto asiye na ulimi wa kusemea wala mkono wa kunyoosha alitegewa kitendawili ambacho jibu lake ni macho, akayafumba na kuyafumbua mbele yako. Huenda ni bahati tu, siwezi kuapa nikiwa huku mbali. Mwili wa mtoto mwenye mtindio hukaza uso kwa sababu nyingi. Lakini kile kicheko cha baada ya jibu ndicho kinachonifanya niamini. Anayecheka mahali pake ameelewa.

Kwa hiyo swali la Mwalimu Mkuu, wapi pa kumpeleka, liweke kando kwanza. Swali lenu la kwanza ni jinsi mtoto huyu anavyojibu. Mpaka hapo hamjui, hakuna anayeweza kusema anafaa wapi, si wewe, si Mwalimu Mkuu, wala mimi.

Kuhusu mtindio wenyewe, maneno machache. Ni madhara yaliyoupata ubongo ungali mchanga, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au miaka ya mwanzo. Hauambukizi, na ile sehemu iliyoumia haiendelei kuumia. Unavuruga misuli. Wapo watoto ambao umewagusa akili pia, na wapo ambao akili imesalimika kabisa ila imefungiwa ndani ya mwili usiotii, na kwa kumtazama tu huwezi kujua huyu ni yupi. Wale ambao mikono haitulii na mwili unajinyonga, kama unavyomweleza, mara nyingi chanzo chake ni hayohayo manjano makali ya uchanga. Na hapa nisikilize vizuri: manjano hayohayo huharibu pia kusikia. Mwambie mama ampeleke akapimwe masikio. Kwa mtoto asiyesema wala kunyoosha mkono, kipimo cha "ukisikia nionyeshe" hakifai. Vipo vya mashine visivyohitaji mtoto aitikie, na Muhimbili wanavyo. Mama aanzie hospitali ya huko kwenu aombe rufaa.

Nalisema hilo la masikio kwa uchungu. Miaka ya themanini, kabla sijaenda kusomea elimu maalumu Patandi, pale Tengeru nje ya Arusha, nilikuwa na binti Darasa la Tatu aliyekuwa hajibu. Nikimwuliza, kimya. Nikamwita mkaidi, na kwa fimbo ya siku zile nilimchapa, tena si mara moja. Siku moja ikanyesha mvua juu ya mabati, ile mvua ambayo hata ukipiga kelele hujisikii mwenyewe. Nikaacha kusema, nikaandika kila kitu ubaoni, maswali, mifano, hata "fungueni daftari", na kwa mikono nikawaonyesha. Binti yule akapata kumi kwa kumi. Siku ile darasa zima tulikuwa viziwi kama yeye, na mwalimu alikuwa amelazimika kufundisha watu wasiosikia. Kesho yake jua likawaka, nami nikarudi kuongea huku nimeupa ubao uso na darasa mgongo. Nilichukua wiki nyingine nzima kuunganisha mambo mawili ambayo wewe umeyaunganisha ukichambua mchele. Kwa hiyo usijichape sana.

Sasa Jumatatu.

Gunia litoke. Mtoto ambaye mwili wake unapigana usianguke hana kichwa wala mkono uliobaki wa kufanyia kitu kingine. Wewe jaribu kusoma barua hii umekalia ukingo wa ukuta, miguu inaning'inia, na mtu anakusukuma kidogo kidogo. Ndivyo anavyosoma kila siku. Anahitaji kiti, na kiti hicho kitatengenezwa na fundi seremala hapohapo kijijini.

Vipimo mpime mwenyewe na mama yake, mtoto akiwa amekalishwa vizuri. Kina cha kiti ni kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti, punguza vidole viwili. Kimo ni kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, ili nyayo zikanyage. Kama fundi amekosea kikawa kirefu, aweke ubao wa kukanyagia. Upana ni nyonga zake na nafasi ya vidole viwili kila upande, basi, si kiti cha kukulia ndani. Mgongo wima, mbavuni vibao viwili vya kumzuia asilalie upande. Katikati ya mapaja, karibu na magoti, kipingili kilichoviringishiwa kitambaa, mapaja yasibanane. Mkanda upite nyongani, kwenye mkunjo wa paja. Ukipita tumboni atateleza na utamkaba. Mbele meza ndogo ya kimo cha viwiko, yenye ukingo vitu visidondoke, na kwenye meza hiyo mwambie fundi asimamishe kipande cha mpini wa jembe. Utashangaa nikisema hicho ndicho kifaa changu nikipendacho kuliko vyote. Mtoto wa aina hii akishika kitu kisichosogea kwa mkono mmoja, mkono wa pili na kichwa hutulia kidogo, na kidogo hicho ndicho tunachokitafuta.

Asikae humo kutwa nzima. Kila baada ya nusu saa hivi mtoe, alale kifudifudi mkekani, kifua juu ya blanketi lililokunjwa, aendelee kutazama ubao. Na kiti kikae mbele, ubavuni, mahali unapomwona uso ukifundisha. Dirisha liwe la wengine. Hospitali ya mkoa ina watu wa fiziotherapia, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam watoto hawa ndio kazi yao ya kila siku. Mama akienda huko aulize kama kiti chenu kina kasoro. Lakini msisubiri safari hiyo ndipo mumtoe kwenye gunia.

Likija suala la kujibu, usibuni chochote. Mwite mama kutoka chini ya mwarobaini umwulize: akitaka uji anakuonyeshaje? Akikataa je? Miaka tisa wameishi pamoja, alama zipo. Pengine kutaka ni kutazama juu na kukataa ni kugeuza uso, pengine ni hayo macho anayofumba. Chukua hiyohiyo iwe ndiyo na hapana yenu, na watoto wote waijue.

Kisha ijaribu kwa maswali ambayo majibu yake unayajua, tena ya kuchekesha. Wewe ni msichana? Huyu ni mama yako? Mwalimu ana mkia? Swali moja kwa wakati mmoja. Ukishauliza, nyamaza na uhesabu moja hadi kumi kimoyomoyo, na hapo ndipo walimu wengi tunaposhindwa, maana kimya cha sekunde kumi darasani ni kirefu kama kwaresma. Mwili wake unahitaji muda huo kupanga jibu. Ukimwuliza tena ukiwa umefika sita, umemfuta, anaanza upya. Na usimwulize kwa kukanusha. "Hutaki maji?" akisema ndiyo, ndiyo ya Kiswahili hiyo ina maana hataki, lakini mwenzako atakimbia kumletea kikombe. Uliza: unataka maji?

Ndiyo na hapana zikisimama, ingia kwenye KKK. Andika silabi kwenye kadi kubwa, shika mbili, moja kila mkono, upana wa mabega. "Nionyeshe *ba*." Anatazama. Wewe tazama macho yake, usitazame kadi unayotaka aichague, maana watoto ni wezi wa macho ya mwalimu. Fanya mara kumi ukibadilisha mikono. Akipata tano, hujajua lolote, maana hata sarafu ingepata tano. Akipata tisa, mwalimu, mtoto anasoma, na siku hiyo lete soda ofisini. Akizoea mbili, chukua boksi, kata fremu yenye tundu kubwa katikati, bandika kadi nne kwenye pembe nne, mtazamane kupitia tundu hilo. Kwa kifaa hicho utampima kusoma, utampima kuhesabu, na kwa kuziunga silabi moja baada ya nyingine utampima hata kuandika. Kalamu mpumzishe nayo kwa sasa. Kama mwenyewe anaitamani, iviringishie mpira wa tyubu ya baiskeli iwe nene, bandika karatasi mezani isikimbie, na usihukumu kinachotoka.

Najua unachowaza: na wale 86? Kwanza, kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa, na wewe unabeba karibu wa madarasa mawili; hilo si kosa lako, na Bosi si chanzo chake. Ukimwondoa unabaki na 86. Hesabu hiyo mpe Mwalimu Mkuu kwa upole. Pili, watoto wote wakate kadi mbili mbili, moja ya ndiyo na moja ya hapana, boksi moja la sabuni linatosha darasa zima. "Ng'ombe anataga mayai?" Wote wanainua. Kwa mtupo mmoja wa jicho umewaona wote waliokosea, wakiwemo wale mabubu wa hiari wanaojificha nyuma ya wanaonyoosha vidole kila siku. Bosi anainua kwa macho. Hakuna kipindi chake peke yake hapo, ni kipindi kilekile. Kule kwenye fremu ya boksi ndiko atahitaji dakika zako chache peke yake, na utazipata wengine wakiwa wanaandika.

Wa kukaa naye wabadilishe kila wiki, wawili wawili. Usimpe mtoto mmoja mwema kazi hiyo mwaka mzima. Atachoka, na Bosi atakuwa mzigo wa mtu badala ya rafiki. Wafundishe kushika fremu na kuhesabu hadi kumi. Utakuta wanaifanya vizuri kuliko wewe. Kumfuta udenda, wamwulize kwanza, ana miaka tisa.

Uji wa shule alishwe ameketi wima, kidevu kikishuka kidogo, kijiko kije kutoka mbele. Akiinuliwa uso juu kama kifaranga uji utaingia pasipotakiwa. Mwulize mama pia kama ana kifafa, maana mara nyingi huandamana na mtindio, ili siku ikitokea msimtie kijiko mdomoni.

Sasa ofisini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma shule ya kawaida pamoja na wenzake, ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu. Jiandae, kwa sababu mtu mwerevu atakuambia: huyo hasemi, si ndiyo mawasiliano maalumu hayo? Mimi kifungu hicho nakielewa kwa watoto kama viziwi, ambao lugha yao ni ya alama na inahitaji watu wengi wanaoizungumza kutwa nzima. Hao hata mimi niliwapeleka vitengoni na shule maalumu bila kujuta, maana mtoto kiziwi peke yake kati ya wasiojua alama amejumuishwa kwa daftari la mahudhurio tu. Kadi mbili na macho havihitaji kilomita 19.

Wala sikatai vitengo, nimevifundisha. Ninachokataa ni mtoto kupelekwa kitengo cha ulemavu wa akili wakati hakuna aliyeipima akili yake. Leo tunachojua ni kwamba hana njia ya kuionyesha. Kwa hiyo mwambie Mwalimu Mkuu hivi: tumwombe Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri aje na wataalamu wake wampime, na aje baada ya mwezi mmoja wa kadi, ili akute pa kuanzia. Ombi liwe la maandishi, nakala kwa Afisa Elimu Kata. Na wale walimu wa kitengo cha mjini, waombe waje kwako siku moja. Au wewe panda bodaboda Ijumaa moja uende ukaibe ujuzi. Ni rahisi kumsafirisha mwalimu mara moja kuliko mtoto mara mbili kila siku.

Huenda kipimo kikaonyesha kwamba akili nayo imeguswa. Basi utajua mahali pa kumfundishia, na haki yake ya kukaa na wenzake itabaki ilivyokuwa. Sitaki umpende kwa sharti la kwamba ndani yake kuna profesa.

Kuhusu wastani, usibishane, onyesha. Weka daftari la Bosi: tarehe, swali, mara ngapi alipatia kati ya kumi. Upimaji wa Darasa la Pili ukikaribia, mapema kabisa, ulizeni kwa afisa kuhusu marekebisho yake. Baraza la Mitihani si geni kwa mambo haya. Wapo watahiniwa wa nukta nundu na wa maandishi yaliyokuzwa, na kwa wenye mahitaji maalumu muda wa nyongeza huandikwa kwenye ratiba yenyewe, dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Tatizo ni shule ambazo wiki ya mtihani ndipo zinakumbuka mtoto huyo yupo.

Yule baba wa kikao simchukii. Ana hofu na mwanawe kati ya watoto 87, na hofu yake ina msingi, ila amemkamata mtu asiye mwizi. Neno lake lakini lilikuwa chafu, na kimya chenu kililisafisha. Kabla ya kikao kijacho nenda kwa mama yake Bosi, ukae naye palepale chini ya mwarobaini, umwombe radhi kwa kunyamaza. Usimpe maelezo marefu. Halafu mwalike yule baba aje darasani asubuhi moja, siku ya kadi, akae benchi la nyuma amtazame mwanawe akiinua kadi. Usimhubirie. Mpe na yeye kadi mbili kama ana muda.

Na mama mwenyewe. Kila siku ya shule anakaa nje ya darasa lako kwa sababu ya tundu la choo. Hili Kamati ya Shule ilimalize: kiti cha mbao chenye tundu, kiwekwe juu ya choo kimojawapo, vishikio viwili ukutani, mlango unaopitisha mtu mzima aliyembeba mtoto. Fundi ni yuleyule, akija kwa kiti cha darasani amalize na hiki. Mtu wa kumpeleka ni gumu zaidi, sitakudanganya. Mkubaliane na mama nyakati mbili au tatu za uhakika za kuja, ili katikati aende shughuli zake. Akiwa kwenye kikundi cha kina mama, mwambie aulize halmashauri kuhusu ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, nne kati yake ni za wanawake. Karanga za chini ya mwarobaini wateja wake ni watoto wasio na hela.

Umeuliza kama utakuwa unamsaidia yeye au dhamiri yako. Vyote viwili, na sioni ubaya.

Jambo moja nimelibakiza. Hilo jina la Bosi ni zuri masikioni mwangu, na yaelekea watoto walimpa kwa mapenzi. Ila sioni popote kwenye barua yako kwamba yeye mwenyewe analipenda. Ukishaipata ndiyo yake na hapana yake, ukawa na uhakika nazo, hilo liwe swali la kwanza la kweli utakalomwuliza. Uhesabu hadi kumi.